Moshi Katika Bonde Lisilo na Watu

Jina la nchi hii silitaji. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu mwenye ufunguo alipopandishwa cheo. Nitasema tu kwamba ni nchi ya amani, ina mawaziri sitini na mmoja, na haifanani na nchi yoyote unayoijua wewe. Ukiona inafanana, kapimwe macho.

Mimi nilikuwa karani katika Wizara ya Uhamaji wa Hiari. Nimepiga chapa miaka ishirini na saba bila kuulizwa maoni hata siku moja, na kwa hiyo ninayo mengi. Nitakayoyasimulia niliyapiga chapa mwenyewe, nakala tatu tatu, isipokuwa yale yaliyokatazwa kuandikwa. Hayo niliyaona kwa macho.

Mhusika wetu ni Profesa Anselmi Tundwe, mwanaanthropolojia. Kwa wasioijua kazi hiyo, mwanaanthropolojia ni mtu anayekwenda kukaa na watu, akala chakula chao, akawauliza kwa nini wanafanya wanayoyafanya, kisha akarudi mjini kuwaeleza wenzake kwamba watu wale hawajui kwa nini wanafanya wanayoyafanya. Ni kazi ya heshima. Ina kofia yake.

*

Akiwa bado kijana, kabla hajaota kitambi wala kupewa gari la serikali, Tundwe alikwenda kufanya utafiti katika Bonde la Ndoro, mwendo wa siku mbili kutoka barabara ya lami. Alifika na daftari kumi na mbili na chandarua chenye tundu. Wiki ya tatu malaria ikamwangusha. Mvua zilikuwa zimekata njia, kwa hiyo msimu mzima alilala katika nyumba ya Bibi Ndalukwa, mjane aliyekuwa amewazika wanawe wawili nyuma ya nyumba hiyo mwaka mmoja kabla. Bibi alimlisha uji wa ulezi kwa kijiko, akamwogesha, akawa anamtoa juani asubuhi na kumrudisha ndani jua likikaza. Alipopona, Wandoro wakamwita mtoto wa mafiga.

Cheo hicho hakitolewi ovyo kama udaktari wa heshima. Kwa Wandoro, mtu aliyeugua akaponea kwenye jiko la nyumba huwa mtoto wa nyumba hiyo sawasawa na wa kuzaliwa, na ana kazi moja. Familia ikihama, yeye ndiye anayebeba mafiga, yale mawe matatu ya kuinjikia chungu. Kabla hajayainua, mama mwenye nyumba humuuliza mara moja tu kwa nini wanahama. Naye hujibu kwamba ni njaa, au mafuriko, au vita. Akishajibu, huyatia mafiga kapuni, kapu kichwani, akatembea bila kugeuka nyuma, na watu wote humfuata bila swali la pili. Hata wafu, wanasema, hufuata mafiga. Na mafiga ya Bibi Ndalukwa ndiyo yaliyokuwa mama wa mafiga yote ya bondeni, maana moto wa kila nyumba ulichukuliwa hapo. Yakiondoka hayo, bonde zima linaondoka.

Mambo hayo Bibi alimweleza akiwa hoi kitandani, kama mama yeyote anavyomwambia mwanawe mambo ya nyumbani. Tundwe aliyaandika yote katika kitabu chake, kuanzia ukurasa wa 214 mpaka wa 231. Akawa Daktari.

*

Baada ya hapo alipanda ngazi haraka. Serikali ilikuwa na shauku ya kuwahamisha watu wake, na ilihitaji msomi wa kuwaeleza watu hao kwamba wanataka kuhama. Wavuvi wa Ziwa Dogo walihamishiwa mlimani wakafundishwa kufuga nyuki. Nyuki wakahama. Wafugaji wa nyika walipelekwa kwenye majaruba ya mpunga, wakakaa wiki mbili wakitazama maji, kisha asubuhi moja hawakuonekana. Kila uhamisho ulioshindikana, Tundwe aliuandikia kitabu cha kueleza kwa nini umeshindikana, na kila kitabu kikamsogeza mbele cheo kimoja. Kufikia uhamisho wa sita alikuwa Profesa, Mshauri Mkuu, na mwenyekiti wa kamati ya mafunzo tuliyoyapata. Mafunzo yenyewe nilikuwa nayapiga chapa kila mwaka. Yalikuwa yaleyale, ila tarehe ndiyo nilikuwa nabadilisha.

Ndiye aliyetuletea neno ushirikishwaji. Kabla yake watu waliambiwa yatakayowapata wakiwa wamesimama. Yeye alisisitiza wapewe viti.

*

Sasa, mwaka ule Mtukufu Rais alipita na helikopta juu ya Bonde la Ndoro, akatazama chini, akakunja uso. Nyumba zilikuwa zimekaa ovyo, moja huku kwenye kichuguu, nyingine kule kando ya mto, kila mtu amejenga pale moyo wake ulipotulia. Rais akauliza wale wanaendeleaje ilhali hawako kwenye mstari. Kabla helikopta haijatua, Wizara yetu ilikuwa imeshapata agizo.

Ndipo kikajengwa Kijiji cha Mfano Namba Saba, juu ya uwanda mkavu ambao faida yake kubwa ilikuwa kwamba unapigika rula. Nyumba mia nne na kumi na mbili, mistari minane, milango yote ikitazama barabara ili mgeni akipita asalimiwe na kila mtu kwa pamoja. Kila mstari uliwekewa bomba lenye koki ya shaba. Maji hayakuwepo, lakini Waziri wetu, Mheshimiwa Gaspari Lwambo, aliliambia Bunge kwamba maji kwa asili yake hufuata mfereji, na mfereji tayari upo, kwa hiyo tuwe na subira.

Wandoro hawakutaka kuhama. Bibi Ndalukwa, aliyekuwa sasa mzee wa kutembelea mkongojo, alimwambia mkuu wa wilaya mbele ya watu kwamba yeye haombi barabara wala bomba, anaomba azikwe pale nyuma ya nyumba, katikati ya wanawe wawili. Mkuu wa wilaya akaandika kwamba wananchi wameonyesha mwamko wa masuala ya ardhi.

Tulileta malori. Mara tatu tuliwapakia, mara tatu tukawashusha uwandani, na mara tatu wakarudi kwa miguu wakafika nyumbani kabla malori hayajarudi gereji. Tukaleta kwaya. Tukaleta warsha, wakala chakula cha warsha wakaenda zao. Siku moja Waziri akamwita Profesa Tundwe ofisini, nami niliitwa kuandika muhtasari.

Waziri alianza na hotuba, kwa sababu hakujua kuanza na kitu kingine. Alieleza kwamba historia ina magurudumu, kwamba gurudumu halirudi nyuma, na kwamba aliye mbele ya gurudumu ana hiari kamili ya kukimbia. Alipomaliza akauliza kama sayansi ina la kusema.

Profesa alinyamaza kidogo. Nataka niwe mkweli kwake, maana watu wengi watamsema. Alinyamaza kwa muda wa kutosha mtu kumeza mate mara mbili. Kisha akafungua kitabu chake mwenyewe, ukurasa wa 214.

"Mheshimiwa," akasema, "hawa hawahamishwi kwa lori. Ipo njia ya kimila, shirikishi kabisa. Na bahati nzuri mtu anayehitajika ni mimi."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kitakuja na marejeo na faharasa.

*

Tulifika bondeni asubuhi. Bibi Ndalukwa alipomwona alitupa mkongojo akamkumbatia, akamshika tumbo, akasema mjini wanamlisha vizuri. Akamkalisha jikoni, siyo barazani pale wanapokalishwa wageni, akampa uji. Profesa alikunywa wote. Ndipo akasema amekuja kubeba mafiga.

Uani watu walikuwa wameanza kukusanyika. Bibi akajifuta mikono kwa upindo wa kanga, akasimama mbele yake kama mila inavyotaka, akamuuliza lile swali moja.

"Mwanangu, tunahama kwa nini?"

Profesa alikuwa amelifanyia kazi jibu hilo safari nzima. "Mafuriko, mama," akasema. "Wataalamu wamepima. Masika haya mto utapanda mpaka juu ya paa."

Bibi alitazama mto, ambao ulikuwa chini, unang'aa kati ya mawe yake, mpole. Akamtazama mwanawe. Nilikuwa karibu nao, na naapa sikuona shaka yoyote usoni mwake. Alikwenda nyuma ya nyumba peke yake, akakaa huko muda mrefu akizungumza na wale wawili. Alisikika akiwaambia wasiogope, ndugu yao ndiye atakayewabeba.

Kisha Profesa Anselmi Tundwe akatia mawe matatu meusi kwenye kapu, kapu juu ya kofia ya kitaaluma, akatoka. Hakugeuka nyuma. Bibi akafuata, na bonde zima likafuata, watu, mbuzi, vifaranga kwenye matenga, watoto mgongoni, na hakuna aliyeuliza swali la pili. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na mashine yangu ya chapa. Nimeshiriki mambo mengi ya Wizara bila kukosa usingizi, lakini siku ile niliona aibu, na mpaka leo ninayo.

*

Ripoti ilitoka baada ya wiki moja. Ilisema uhamaji wa hiari umefanikiwa kwa asilimia mia moja na nne, kwa kuwa mbuzi kadhaa walikuwa wamehesabiwa kimakosa, naye Waziri akakataza wasifutwe. Ilisema Bonde la Ndoro ni tupu, sasa na siku zote zijazo. Profesa alitia saini kila ukurasa. Rais akamvisha Nishani ya Mstari Mnyoofu, Daraja la Kwanza, kisha ripoti ikawa sheria: ikapigwa muhuri, ikasomwa redioni, na Bonde la Ndoro likafutwa katika orodha ya mahali wanapoishi watu.

Kule uwandani, Wandoro walisubiri mafuriko. Walisubiri masika yote. Kinamama walitembea nusu siku kuchota maji huku koki za shaba zikiwaka jua mlangoni. Mvua zilipokwisha, akapita mrina asali aliyetoka bondeni. Bibi Ndalukwa akamuuliza mto umepanda mpaka wapi. Akajibu kwamba mwaka huu ulikuwa wa vifundoni, yeye mwenyewe aliuvuka na viatu mkononi.

Bibi akamshukuru, akampa kiti apumzike. Kisha akaingia jikoni, akaipua chungu, akayatazama yale mawe matatu.

"Mafiga yakibebwa kwa uongo ni mawe," akawaambia watu. "Haya ni mawe. Twendeni nyumbani."

Kanuni hiyo haimo kati ya ukurasa wa 214 na 231. Profesa hakuiandika kwa sababu hakuambiwa, na hakuambiwa kwa sababu tangu Wandoro wawe Wandoro hakuna mtoto aliyewahi kumdanganya mama yake mbele ya mafiga. Kesho yake nyumba zote mia nne na kumi na mbili zilikuwa wazi. Bibi aliokota mawe mengine matatu mtoni, akawasha moto.

*

Mkuu wa wilaya ndiye aliyeleta habari kwamba bondeni kuna watu. Alihamishwa siku hiyohiyo, kwa ugonjwa wa macho.

Jambo lilikuwa gumu kuliko linavyoonekana. Kuwatoa watu bondeni kunahitaji hati ya kuwatoa, hati inahitaji idadi yao, na idadi yao, kwa mujibu wa ripoti iliyopigwa muhuri na kusomwa redioni, ilikuwa sifuri. Kutuma askari kuwaondoa watu sifuri ni kukiri kwamba Rais amemvisha nishani mwongo. Waziri akatoa waraka, nikaupiga chapa, kwamba mtumishi yeyote akipita Bonde la Ndoro asimwone mtu. Na kweli hawakuonekana. Makarani wa sensa waliwapita. Polisi waliwapita wakiwapungia mkono kwa bahati mbaya. Hata mtoza kodi, ambaye katika nchi yetu humwona mpaka marehemu, hakuwaona.

Lakini Kijiji cha Mfano kilikuwa na wageni. Wafadhili walikuwa wanakuja kutoka ng'ambo kutazama mistari, na mistari ilikuwa tupu. Basi Wizara ikahamia huko. Tulivaa shuka, kila idara ikapewa mstari wake. Uhasibu walikuwa wakulima, Masjala wakawa wafinyanzi. Profesa mwenyewe alitufundisha siku mbili jinsi ya kukaa Kindoro, goti moja juu, na jinsi ya kutazama mbali kwa hekima. Mimi nilikuwa mfugaji. Mama mmoja wa kizungu aliniuliza nina mbuzi wangapi, nikamwambia jibu nitamletea kwa maandishi. Aliandika kwenye daftari lake kwamba wenyeji wana utamaduni wa kina wa nyaraka.

Wageni waliondoka wameridhika. Profesa alialikwa kwao kutoa mhadhara.

*

Tatizo lilikuja kutoka juu, kama kawaida. Mtukufu Rais alitaka kupita tena na helikopta, Alhamisi, saa sita mchana, ajionee utupu. Na saa sita mchana Bonde la Ndoro hupika. Waziri alimwita Profesa akiwa hana hotuba hata moja mdomoni, na hapo ndipo nilipojua ameogopa. Alimwambia aende akauzime ule moshi. Profesa akanichukua nibebe mkoba.

Alipofika alikwenda moja kwa moja jikoni kama zamani. Binti mmoja wa jirani akamzuia kwa adabu, akamwonyesha kiti cha barazani. Bibi Ndalukwa akatoka. Alikuwa amekonda, anatembea kwa kushika ukuta, lakini alimsalimu, akamuuliza habari za safari, akamletea maji kwenye bilauri safi. Kila kitu alichostahili mgeni alipewa.

Profesa alieleza maneno mengi. Kwamba yeye ni mtumishi tu. Kwamba kama si yeye wangelikuja wengine wabaya zaidi. Kwamba anaumia, na kwamba ameanza kuandika makala kuhusu anavyoumia. Mwisho akasema kinachotakiwa ni kidogo sana, Alhamisi wasipike, siku moja tu.

"Msimu ule ulipokuwa unaugua, mvua iliingia mpaka jikoni," Bibi akasema. "Kuni zote zililowa. Nilivunja kitanda cha mwanangu marehemu nikapata kuni za kukupikia. Moto haukuzimika hata siku moja. Alhamisi tutapika."

"Lakini mama, niandike nini?"

"Andika hatupo. Umeandika mengi juu yetu, na hilo ndilo la kwanza litakalotufaa."

"Na moshi je?"

"Hilo sasa lako," akasema, akinyanyuka taratibu. "Si wewe uliyesoma?"

Profesa alisoma. Katika siku tatu alitoa andiko la kurasa arobaini linalothibitisha kwamba mabonde yaliyohamwa kwa hiari hutoa mvuke wa shukrani, hasa mchana, wenye harufu inayokaribia dagaa. Alhamisi Rais alipita juu, akauona mvuke, akafurahi, akaagiza mabonde mengine nayo yapatiwe. Profesa akaongezewa nishani ya pili, na chuo kikuu kikafungua idara.

Bibi Ndalukwa alifariki mwaka uliofuata, mwanzo wa mavuno. Alizikwa pale alipotaka, nyuma ya nyumba, katikati ya wanawe wawili, na watu walikuwa wengi mpaka wakajaa kando ya mto. Mimi nilikuwa nimestaafu, nikaenda. Habari zilikuwa zimemfikia Profesa siku mbili kabla ya mazishi, nilizipeleka mwenyewe mpaka mezani pake. Alivua miwani, akaifuta, akakaa akitazama ripoti zake kwenye rafu. Gari lilikuwepo, na dereva. Lakini hakwenda mazishini, kwa sababu kwenda kungehitaji fomu ya safari, fomu ingehitaji jina la marehemu na mahali alipofia, na kwa saini yake mwenyewe, katika kila ukurasa, bonde lile halikuwa na mtu wa kufa.